Figa la Tatu

Barabara yetu haiui mtu peke yake. Inasaidiwa. Nasema hivyo kwa sababu mimi ni mmoja wa walioisaidia, na aliyeumia ni mke wangu.

Sikusoma sana. Darasa la nne lilinitosha, ama mimi ndiye niliyelitosha, sijui. Nilianza na panga, nikikata miwa ya watu upande wa Butali. Leo nina trekta yangu na trela yangu, kuukuu lakini hakuna mtu aliyeniongezea hata msumari. Kwa hiyo usiniletee mtaalamu wa kunieleza kwa nini watu wanavunjika kati ya Matungu na Ekero. Miwa imepandwa mpaka ukingoni, ukifika kwenye kona huoni anayekuja. Trela zinatembea bila taa. Miwa inaanguka njiani, mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Mashimo yanazibwa kwa udongo. Boda inabeba watu watatu na gunia juu. Hayo yote nilikuwanga nayasema barazani, nimesimama, kofia mkononi, na watu wananipigia makofi.

Jambo moja sikuwahi kulisema. Trekta ikikwama kwenye mteremko, dereva wa miwa anakata matawi, anayatandaza nyuma ili wengine waonywe, halafu anasukuma jiwe kubwa chini ya gurudumu la trela, maana breki ya mkono kwetu ni hadithi tu. Akimaliza kutengeneza, anaruka kitini, huyo ameenda. Matawi yanabaki na jiwe linabaki. Tunafanyanga hivyo wote. Tunaacha mawe barabarani kama kuku anavyoacha mavi, hageuki kuangalia.

Jiwe langu lilitoka jikoni kwetu. Mke wangu aliponunua jiko la makaa, mafiga yake matatu yalibaki nje, uani, yakingoja sufuria kubwa za wageni. Moja lilikuwa na kiuno kizuri, linaingia chini ya gurudumu kama limechongwa. Nikalichukua.

"Baba, jiwe la jikoni halitembezwi," aliniambia.

"Nitalirudisha."

"Wewe? Hata kikombe hurudishangi."

Nikacheka, nikalitupa kwenye trela.

Jumamosi moja alasiri pini ya trela ilitoka nikiwa kwenye mteremko ule wenye kona, miwa imejaa. Niliweka jiwe, nikagonga pini mpaka ikakaa. Foleni ya kiwandani ilikuwa ndefu na mimi nilitaka kuiwahi. Nikajiambia, nitaliokota nikirudi. Nikarudi kwa njia nyingine, nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi yake mke wangu alipanda boda kwenda kanisani. Mwenye boda ni jirani yetu, mtu mzima mwenye watoto wanne, na yeye ndiye aliyekuwa akimbeba kila Jumapili. Pale konani lori lilipita gari lingine bila kuona mbele, jirani akasogea ukingoni kuliepuka, na gurudumu likapiga jiwe.

Nilipofika nilimkuta mke wangu amelazwa kwenye nyasi, kitambaa cha kichwa kimetoka, nywele zake nyeupe ziko wazi mbele ya watu. Mguu ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Akaniona, akasema, "Baba, nifunike kichwa." Hilo tu. Nikamfunga kitambaa kwa mikono hii.

Halafu nikasimama nikafoka. Nilimwambia jirani, "Ninyi watu wa boda mnakimbia kama mmefukuzwa na nyuki!" Yeye damu ilikuwa inamtoka kiwikoni. Alijibu polepole, "Mzee, lilikuwa jiwe." Watu walipokuwa wanamwinua mke wangu kumpakia kwenye gari, nililiona. Upande mmoja ulikuwa mweusi kwa masizi. Nikaliinua, nikalirusha ndani ya miwa. Hakuna aliyeniuliza. Nani anamuuliza mzee anayesafisha njia?

Alifungwa plasta kuanzia kwenye goti mpaka kwenye vidole. Nyumbani nikawa mimi ndiye mpishi, mimi ambaye jikoni nilikuwa najua mlango tu. Alikuwa anakaa kwenye kiti pale uani, mguu juu ya stuli, ananiamrisha kama nesi.

"Koroga. Usipapase, koroga! Hiyo ni obusuma, si mtoto."

"Nakoroga, mama."

"Ina mabonge."

"Mabonge pia ni ugali."

Akicheka mguu ulikuwa unamuuma, basi anacheka huku ameushika. Jioni nilikuwa namimina maji ya moto kwenye beseni, namwosha ule mguu mzuri, namkausha katikati ya vidole. Miaka yote ya ndoa sikuwa nimewahi kuuangalia mguu wake. Una kovu dogo la jembe ambalo nilimuuliza limetoka wapi. Akasema, "Shamba lako la kwanza, ulipokuwa huna hata ng'ombe."

Na kila nilipomwosha, ulimi ulikuwa unataka kusema, mimi naumeza.

Kilichonishinda ni jirani. Alikuwa anakuja, anavua kofia, analeta avokado, anasimama mbele ya kile kiti. "Mama, nisamehe. Ningepunguza mwendo." Kijijini watu walikuwa wameacha kupanda boda yake, wanasema yule ndiye aliyemvunja mke wa mzee. Maneno hayo niliyaanzisha mimi. Mara ya kwanza alipoomba msamaha nilinyamaza. Mara ya pili pia.

Mara ya tatu alikuja siku akina mama wa kanisa walipokuwa wamekuja kumwona mgonjwa. Nilikuwa nimechinja ingokho wawili, kuku wetu wa nyumbani, sufuria kubwa mkononi, nataka kuitua nje kwenye kuni. Sufuria ikalala upande. Mafiga yalikuwa mawili.

"Baba," mke wangu akaita kutoka kitini, "figa langu la tatu liko wapi?"

Akina mama wananiangalia. Jirani amesimama na kofia yake mkononi. Ningesema limepasuka, wangeniamini wote. Niliweka sufuria chini.

"Liko kwenye miwa," nikasema, "pale konani. Ndilo mlilogonga. Nililiacha mimi Jumamosi, na Jumapili nikalificha. Huyu bwana hana kosa."

Mke wangu aliangalia mguu wake, akaniangalia mimi, halafu akamgeukia jirani. "Vaa kofia yako," akamwambia. "Na avokado usilete tena kwa ajili ya msamaha. Leta kwa sababu ni tamu."

Mimi akaniambia neno moja: "Lilete."

Nilikwenda kwa miguu. Nililipata kati ya mashina, nikalibeba begani kurudi, mchana kweupe, watu wakiniona. Wengine wakauliza, mzee, unajenga? Nikawajibu kila mmoja ni jiwe gani. Kuku waliiva saa kumi.

Siku mbili mke wangu hakuzungumza nami. Alikula nilichopika, alinipa mguu niuoshe, lakini maneno hakunipa. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa zile siku mbili. Siku ya tatu akaitisha katani.

"Ya nini?"

"Ng'ombe tunamfunga kamba ili asipotee, sivyo? Basi na wewe tafuta gogo lako, uache mawe yangu."

Akasokota kamba pale kitini, kwenye paja, wiki nzima. Nilichonga kipande cha mti mgumu, nikakitoboa, nikakifunga kwenye trela kwa kamba ile. Sasa nikiondoka, gogo linaburutika nyuma likipiga kelele mpaka nishuke nilipakie. Madereva wenzangu walinicheka mwezi mzima, wananiita mzee wa ndama. Wawili sasa wana magogo yao.

Plasta ilitolewa. Anachechemea, na daktari alisema atachechemea. Jumapili anapanda boda ya jirani kama zamani. Siku za kazi, kabla sijawasha trekta, anakuja polepole mpaka kwenye trela, anainama, anavuta fundo la kamba mara mbili. Ananigonga bega, ndipo naondoka.