Picha Kumi na Moja Zisizooshwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa kofi. Uhuru ulikuwa bado mbichi, mimi nimetoka Mutomo na viatu vya kuazima, na Mwenye Studio pale Kitui mjini akaniweka katika chumba cha giza nisimamie makarai matatu. La kwanza lilikuwa na dawa ya kutokeza picha, la pili maji, la tatu dawa ya kushikisha, ambayo sisi tuliita fiksa. Nilipoona uso wa bibi harusi unatokea kwenye karatasi tupu, nilishindwa kuvumilia. Niliitoa picha kabla haijafika karai la tatu, nikakimbia nayo nje kumwonyesha mkubwa wangu. Pale juani bibi harusi akaanza kugeuka mikononi mwangu: waridi, kisha kahawia, kisha rangi ya ini.

"Unajua umefanya nini?" Mwenye Studio aliniuliza akiwa ameshanichapa. "Karatasi isiyopita kwenye fiksa bado inakula mwanga. Itakula mpaka mtu aishe. Haya, wewe ndiye utamwambia bwana yake."

Sikumlaumu, na hata leo simlaumu.

Ninyi mnaobonyeza simu hamjui kwamba baada ya fiksa picha ilioshwa kwa maji mengi, tena ya kubadilishwa, la sivyo ingegeuka manjano. Na maji ya Kitui mnajua yalivyo adimu. Nilichota katika mashimo ya mchanga ya mto mkavu kule Kalundu, kwenye foleni moja na akina mama wenye watoto wa kiu. Siku moja mama mmoja aliniuliza mitungi minne yote nampikia nani. Nikamwambia ni ya kuosha picha.

"Asi! Picha inaoga na sisi hatuogi?"

Walicheka, lakini walinipisha. Nikaona aibu. Nikajiambia picha iliyokunywa maji ya wale wanawake lazima iishi, kama si hivyo mimi ni mwizi tu. Sikuwa na sheria nyingine ya kazi, na hiyo moja ilinitosha.

Kutoka Kitui nilienda Emali, nikafungua studio yangu karibu na stesheni. Miaka sita niliwapiga picha madereva wa malori waliotaka waonekane wamesimama mbele ya ndege. Ndege yenyewe ilichorwa ukutani na fundi wa mabango ambaye hajawahi kupanda hata gari moshi. Halafu nikaajiriwa na ofisi ya habari ya wilaya, nikarudi Kitui chini ya Afisa wa Habari aliyekuwa mkali kama siafu. "Mkuu wa Wilaya hafumbi macho," alikuwa akituambia, "hata kama amelala." Kwa hiyo nilijifunza kuchora macho juu ya negativi kwa penseli, ile filamu ambayo weupe huwa weusi na weusi huwa weupe. Niliwafumbua macho wakuu wengi sana.

Makueni ilipofanywa wilaya nilihamishiwa mji wa Wote. Afisa wa Habari wa huko alikuwa mtu wa kola iliyopigwa pasi, na mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Ndipo akaletwa Msanii kutoka Nairobi.

Alikuwa Mkenya mwenzetu, amesoma ng'ambo, kamera yake ya maana sana. Alijiita msanii wa dhana. Nilipomuuliza dhana ni kitu gani, alisema kwake wazo ndilo kazi, picha ni mtumishi wake tu. Alitaka kufanya maonyesho katika ghala la zamani la pamba, ambalo lilipakwa chokaa ndani likawa jeupe kama zahanati, nasi tukaamriwa tuliite galari. Afisa aliniambia, "Mpe mgeni kila anachotaka."

Aliwapiga picha wazee kumi na wawili wa upande wa Kathonzweni. Mimi ndiye niliyemtafsiria Kikamba, kwa hiyo ahadi ilitoka kinywani mwangu: kaeni, maonyesho yakiisha kila mmoja atapewa picha yake. Wengi wao hawakuwahi kuwa na picha isipokuwa ile ya kitambulisho.

Kabla picha hazijachapwa, mmoja wa wazee hao, Mama Syokau, akafariki. Binti yake, Mbithe, alikuja Wote kwa miguu. Chifu alikuwa ameshachukua kitambulisho cha marehemu, maana ndivyo serikali inavyotaka, na kile kipicha kikaenda nacho.

"Fundi, tumemzika mwaitu, mama yetu, bila sura," alisema. "Ile picha ya yule bwana nitapewa kweli?"

"Utapewa," nikamwambia. "Mimi mwenyewe nitaiosha."

Siku ya kuchapa, Msanii aliingia chumba cha giza na makasi. Kila nilipomaliza kutoa nakala moja kubwa, alichukua negativi akaikata vipande vipande.

"Na hutaziweka kwenye fiksa," alisema. "Tutazitundika gizani zikiwa zimefunikwa. Siku ya ufunguzi tutavuta vitambaa na kufungua milango."

"Zitakuwa nyeusi, bwana!"

"Ndiyo dhana yenyewe. Watu waone kumbukumbu ikifa mbele yao."

"Na wao wenyewe umewaambia?"

"Wakijua, haitakuwa kweli."

Niliondoka mpaka kwa Afisa. Hakuinua hata macho. "Wewe ni fundi au mshauri? Una mwaka mmoja tu. Usiuchezee."

Nikarudi. Nilipobaki peke yangu niliichukua picha ya Mama Syokau, nikaiweka katika fiksa, nikaiosha mpaka maji yangu yakaisha, nikaitundika pamoja na nyingine. Kwa taa nyekundu zote zilifanana.

Siku ya ufunguzi wazee walikuja wamevaa kama Krismasi. Mzee Kimeu alileta wajukuu na wakwe, akawapanga mbele ya picha yake kama mtu anayefungua duka. Vitambaa vikavutwa, milango ikafunguliwa, watu wakapiga makofi. Haikupita muda, kuta zikaanza kuona haya. Waridi ikaingia kwenye mashavu, kahawia ikapanda shingoni. Mzee Kimeu alikaribia, akarudi nyuma, akaipangusa picha kwa mkono wa koti.

"Fundi! Nifunike! Ninaungua!"

Wajukuu walilia. Wakwe walitazama chini. Na Msanii, Mungu amsamehe maana mimi bado sijaweza, alikuwa pembeni akiandika kwenye daftari, uso umemjaa furaha. Mzee mzima anadhalilishwa mbele ya wakwe zake, na mtu anaandika!

Kufikia adhuhuri kuta zilikuwa na mabamba kumi na moja ya rangi ya ini, na Mama Syokau mmoja, safi, anatutazama. Msanii alinivuta kando. "Hii umeifanya nini?"

"Nimeiosha, kama picha inavyooshwa."

"Umeniharibia kazi!"

Kabla sijajibu, mgeni wake mmoja alikuja na kumuuliza kwa heshima kwa nini yule mama amebaki. Bila hata kumeza mate, Msanii akasema, "Nilitaka mmoja abaki. Yeye ndiye moyo wa maonyesho. Naenda naye Nairobi, na baadaye Ulaya."

Hapo damu ilinipanda. Mbithe alikuwa mlangoni na leso aliyoileta ya kufungia picha. Nilienda ukutani, nikaitoa picha ya Mama Syokau kwenye msumari, nikampa. Msanii alipiga kelele kuhusu mali yake. Nikamwambia mali yake ni wazo, aende nalo popote, uso una wenyewe. Wiki hiyo hiyo nilistaafishwa kwa barua ya mistari miwili. Mbithe ametundika mama yake sebuleni, na mpaka leo picha haijageuka.

Hadithi hii nikiisimulia watu hunisifu, nami zamani nilikubali sifa. Nilikuwa naikatiza hapa. Lakini nilipostaafu niliazima kamera, nikaenda kwa Mzee Kimeu nimpige upya. Alinikaribisha, tukala pure ya mahindi na maharagwe, ndipo akaniuliza polepole, "Siku ile, ile dawa iliyomwokoa Mama Syokau ilikuwa imekwisha?"

Alikuwa ananifungulia njia ya kutokea. Ningeweza kuipita.

"Hapana, mzee. Ilikuwa karai zima. Moja ikisalia ningesema ni bahati mbaya. Zikisalia zote wangejua ni mimi. Niliogopa."

Alisogeza sahani kando. "Basi ulituchagua."

"Ndiyo."

"Peleka kamera yako nyumbani. Mimi sipigwi picha tena."

Nilirudi mara tatu, akakataa mara tatu. Mwaka uliofuata alifariki, nikaenda kumzika. Juu ya jeneza, pale picha inapowekwa, watoto wake walikuwa wameweka kofia.