Kabugho na Chupa ya Mapovu

Mimi ni msaidizi wa mtaalamu anayefundisha watoto wadogo kusema, na wiki iliyopita niliaibika huko Bwera mbele ya mkubwa wangu aliyetoka Kasese.

Kabugho, msichana wa miaka minne, aliletwa na mama yake, muuza nyanya, kwa sababu huko shule ya nasari alikuwa hasemi neno. Mafunzo yetu yanasema: shika kitu ambacho mtoto atakitamani, funga mdomo, ungoje akuombe. Basi nikashika chupa ya mapovu ya sabuni. Nikapuliza mara moja, nikanyamaza, nikainua nyusi.

Kabugho naye akainua nyusi. Nikanyooshea chupa kidole; akanyoosha chake. Nilitamani sana kujua kinachoendelea ndani ya kichwa kile kidogo, nikakaa nusu saa nzima bila kutoa sauti. Kwenye fomu nikaandika: hana maneno, ila anaiga ishara vizuri. Mara akanishika kidevu, akanifungua mdomo polepole, akachungulia ndani. Na hilo nikaliandika, kwa fahari: ni mdadisi.

Mama yake, aliyekuwa akingoja nje, alipoingia pamoja na mkubwa wangu, nilisimama niwasomee matokeo. Kabugho akanitangulia.

“Mama,” akasema, kwa sauti safi kama ya mtangazaji wa redio, “mwalimu hii iko mugonjwa. Inataka sabuni, lakini haiwezi kuomba. Nimeangalia ndani. Ulimi iko.”