Gongo la Shangazi Kabula

Harufu ya dawa ya kuchua misuli ikinifikia, hata leo, namwona Shangazi Kabula ameketi kizingitini kwetu Nyakato, sketi imekunjwa, analichua goti la kushoto huku akisaga meno. Alikuwa mdogo wa mwisho wa Baba. Mchana alifanya kazi kiwanda cha samaki. Jioni alicheza mpira wa magongo, mchezo ambao mtaani hakuna aliyeuelewa. Akipita na gongo lake, majirani walimuuliza nyoka yuko wapi.

Baba alikuwa mtu wa kandanda. Timu yake ya hapahapa Mwanza ikifungwa, redio haikuwashwa siku mbili.

Nilikuwa na miaka tisa Shangazi alipoitwa Dar kujaribiwa katika timu ya taifa. Baba alifurahi mbele yetu sote. "Nenda mdogo wangu, ukatutoe kimasomaso." Basi lingeondoka Jumatatu alfajiri. Jumapili timu ya Baba ikacheza mechi ya mwisho, ikafungwa nyumbani, ikashuka daraja.

Alirudi kwa miguu, vumbi hadi magotini, skafu ya timu bado iko shingoni. Akaukuta mkoba wa Shangazi mlangoni.

"Hii nini?"

"Si safari ya kesho, Kaka."

"Hakuna safari. Nimechoka na michezo. Humu ndani hauchezwi tena mchezo wowote."

Baba alipoingia kuoga, Shangazi alilisukuma gongo chini ya godoro tulilolalia mimi na yeye, akaniwekea kidole mdomoni. Hakuna mwingine aliyeona. Kisha akatoka kwenda kumwomba Mama amsemee.

Baba akaja chumbani. "Liko wapi?"

Hakunitisha, hakunigusa. Lakini mimi nilikuwa nikiwaza nani atanisuka, nani nitalala naye. Nikalionyesha godoro.

Alilipiga gongo kwenye jabali nyuma ya nyumba mpaka likapasuka. Mama akalifanya kuni za kupikia maharage. Alfajiri, saa ile ya basi, Shangazi alivaa gambuti zake akaenda kiwandani. Alikuwa anakaa kwa kaka yake, angekwenda wapi? Jioni alinisuka kama kawaida, na mimi nikashukuru moyoni kwamba hakujua.

Baada ya misimu miwili timu ikapanda. Baba alichinja jogoo, akacheza uani akiita, "Kabula, njoo tushangilie!" Shangazi alikuja, akapiga makofi. Nilidhani naye amefurahi.

Sasa yuko Mkolani na wajukuu zake. Nikimwamkia shikamoo, huitikia marahaba kwa sauti ileile na kunipakulia sato. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, siku nilipokaa nikafikiri vizuri: gongo lile liliwekwa mahali palipojulikana na watu wawili tu. Kwa hiyo alijua tangu Jumapili ileile. Alijua, na bado alikaa nyuma yangu na kitana, akanisuka taratibu, asiniumize.