Baridi Isiyouma Magoti

Saa tano asubuhi, jua la Multan limeshawaka kiasi kwamba spana iliyosahauliwa nje haishikiki kwa mkono mtupu. Allah Wasaya amejikunja ndani ya Corolla nyeupe kuukuu, ameshika kipande cha karatasi laini ya kupangusia mikono. Anakisogeza taratibu kwenye kitundu chenye wavu kilicho karibu na usukani, kidogo tu kama kifungo cha koti.

Karatasi inanaswa. Wasaya anaiachia, nayo inabaki pale pale.

"Umeona? Linapumua," ananiambia, kama daktari aliyeridhika na kifua cha mgonjwa.

Nyuma ya wavu ule, anaeleza, kuna sensa inayopima joto la ndani ya gari, na mpira mwembamba wa kuivutia hewa. Fundi akisahau kuuchomeka mpira huo, sensa inapima joto la dashibodi badala ya joto la watu. "Hapo gari linawamwagia baridi mpaka waombe sweta. Mwezi wa sita! Multan!"

Wasaya ana miaka hamsini na minne. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa kawaida wa kujaza gesi kwenye viyoyozi vya magari. Sasa ana kazi ambayo hata jina la mtaani haina. Anachukua mfumo wa kiyoyozi kinachojiendesha chenyewe kutoka kwenye magari ya Japani yanayoletwa yamekatwakatwa, na kuuhamishia kwenye magari ya umri huo huo yaliyouzwa hapa Pakistan na vitufe vya kuzungusha. Ukishamaliza, unaliambia gari unataka nyuzi ishirini na sita, basi. Baridi kiasi gani, feni kasi gani, hewa itokee wapi, linaamua lenyewe.

Kwa gari moja hulipwa rupia elfu kumi na tano, na kazi inaweza kula siku nne. Nusu ya siku hizo, anasema, ni kufumua makosa ya wengine.

"Watu wanakuja na kioo cha namba tu," anacheka. "Mtu kaona namba zinawaka buluu, kapenda, kanunua. Namuuliza, mota ziko wapi? Sensa ya nje? Nyaya? Ananitumbulia macho. Ndugu yangu, umeninunulia uso, mwili umeuacha sokoni!"

Fundi viti wa kibanda cha jirani, Fazal Kundan, anadakia bila kuinua kichwa kwenye cherehani yake. "Na wewe unavyopenda kuongea, ungekuwa na kitufe tungekuzima."

Lakini leo Wasaya hana raha ya utani. Corolla hii aliikabidhi juzi ikiwa salama, na sasa imerudi. Mwenyewe, Mureed Langah, muuza mbegu za pamba, anatembea huku na huko kivulini. Mama yake, Bi Jindwadi, ameketi kwenye kitanda cha kamba akinywa lassi, mtindi mwepesi wenye chumvi, na uso wake unasema yote.

Bi Jindwadi ana miaka sabini na miwili. Joto humwangusha, na baridi ya kiyoyozi humkaza magoti asiweze hata kusimama. Dada yake mkubwa, Bi Sabhagi, yuko Sadiqabad, mwendo wa nusu siku kuelekea kusini. Kiangazi kilichopita walijaribu kwenda. Mureed alifungulia baridi yote, magoti ya mama yakagoma. Akaizima, mama akazimia njiani, mji wa Lodhran, wakageuza gari. Ndani ya basi ni barafu tupu, na ngazi za treni haziwezi tena.

Tangu masika Bi Sabhagi hainuki kitandani. Hupiga simu kila siku. Zamani alikuwa akiuliza, mnakuja lini. Siku hizi haulizi tena, na hilo ndilo linalomtisha mdogo wake.

"Wananiambia nisubiri majira ya baridi," Bi Jindwadi anasema. "Mimi nitasubiri. Sabhagi je?"

Ndiyo sababu Mureed alimletea Wasaya gari. Na ndiyo sababu leo, ingawa bado anamwita saeen, yaani bwana, anazungumza kwa ukali. "Asubuhi lilikuwa zuri, saeen. Tumefika barabara kuu, jua limempiga mama upande wake, ndiyo kwanza gari linalegea! Jua likizidi lenyewe linapoa moyo. Limerogwa?"

"Halijarogwa," Wasaya anasema. "Tuliulize."

Kuliuliza ni hivi. Anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja huku akiwasha swichi ya ufunguo. Taa zote za kioo cha namba zinapepesa, kisha namba inatokea: 21.

Wasaya anaangua kicheko. Namba hiyo ni ya sensa ya jua, kidude cheusi kama nusu ya zabibu kinachokaa juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele. Zamani ilimsumbua sana. Kila gari aliloliuliza lilimjibu 21. Alitupa sensa tatu nzima kabisa kabla hajang'amua kwamba alikuwa akiuliza ndani ya banda. Gari halikuwa bovu. Lilikuwa linamwambia halioni jua, na kweli jua halikuwepo.

"Nililitukana bure, na lenyewe lilikuwa linasema kweli. Haya, tulisukume nje."

Tunalisukuma, mimi na Mureed na Fazal, mpaka katikati ya uwanja ambako mwanga unaumiza macho. Wasaya anauliza tena.

21.

Kicheko kinakauka. Anauliza mara nyingine, jibu ni lile lile. Anakaa kwenye kiti cha dereva jasho likimchuruzika kidevuni.

"Lipo juani linasema haliko juani," Fazal ananong'ona. "Lo! Sasa kweli limerogwa."

Mimi nilikuwa nimesimama dirishani nikiangalia dashibodi ile ile anayoiangalia yeye, na sikuona kitu. Ilikuwa imevaa kitambaa chake, kama dashibodi ya kila gari mjini hapa: kitambaa chekundu kilichotariziwa na kushonewa vioo vya duara, na boksi la karatasi laini juu yake. Jambo ulilolizoea hivyo, jicho linalipita tu.

Mkono wa Wasaya ndio ulioona. Alikuwa akipapasa dashibodi huku akiwaza, vidole vikagusa uvimbe mdogo chini ya kitambaa. Akakunja pembe. Kidude cheusi kikatokea. Akauliza tena, na 21 haikurudi.

"Mureed," anasema polepole, "kitambaa hiki ulikivisha lini?"

"Nilipolichukua juzi. Wakati wa kazi si ulinikunjia ukakiweka kiti cha nyuma?"

"Yarabi! Tumelifunika jicho. Mchana kweupe linadhani ni magharibi, linaona hakuna haja ya kujisumbua."

Mureed anapumua kwa nguvu. "Basi rahisi. Tunakitoa."

"Utatoa nini?" Sauti inatoka kivulini.

Kitambaa kile Bi Jindwadi na dada yake walikishona pamoja Mureed aliponunua gari. Mmoja alianzia kulia, mwingine kushoto, wakakutana katikati. Kidude cheusi kiko kushoto, upande wa Bi Sabhagi, karibu kabisa chini ya kioo kimoja cha duara.

Wasaya anaomba mkasi, kisha anaukodolea macho tu. "Nimekata dashibodi za watu bila woga. Hiki siwezi, mama."

"Lete hapa."

Bi Jindwadi anakipakata kitambaa. Anakata nyuzi za kioo kile kimoja, anakitoa na kukifunga kwenye pembe ya shali yake. Anatoboa mahali pake. "Fazal, nitungie uzi, macho yangu si yale." Fazal anatunga uzi na kumrudishia. Mama anaupinda ukingo wa kitundu, mshono baada ya mshono, kama tundu la kifungo cha kanzu.

"Mama, Khala Sabhagi atakugombeza," Mureed anasema. "Unamjua na vioo vyake."

"Na anigombeze!" Sindano inasimama. "Unadhani nataka nini mimi? Nataka nifike, anigombeze."

Wasaya alijitia kukagua boneti.

Kitambaa kikarudishwa, jicho jeusi likachungulia kutoka kwenye kitundu chake chenye ukingo wa uzi wa manjano. Wakamzungusha mama uwanjani jua likimwangukia mapajani. Aliposhuka, alishuka kwa miguu yake mwenyewe.

Siku waliyosafiri nilikuwa kibandani kwa Wasaya. Alikuwa akinionyesha mfumo mzima alioutunza kabatini ndani ya shali kuukuu. Ana mpango wa kununua gari dogo la mkono wa tatu, auweke, ampeleke mke wake kwao Dera Ghazi Khan.

"Sijawahi kusafiri ndani ya gari hata moja nililolifanyia kazi," alisema. "Mwisho wangu ni lile geti. Nataka siku moja nikae upande wa abiria, nilale."

Simu ikalia. Akaiweka sauti ya wazi ili mikono ibaki huru.

"Tumefika," Mureed alisema. "Lodhran tuliipita mama kalala. Ila saeen, nina shida. Khala amesikia gari lina ubaridi mzuri kuliko chumba chake, tumembeba tukamkalisha ndani. Sasa wote wawili hawataki kutoka. Saa nzima injini inaunguruma uani, mafuta yanakwisha!"

Wasaya alitaka kujibu, lakini nyuma ya sauti ya Mureed ilisikika nyingine, nyembamba, ya kikongwe mwenye hasira, ikiuliza ni nani aliyekichokoa kioo chake. Na mwingine akicheka mpaka akakohoa.

Fundi akaweka bisibisi chini.

"Usizime," alisema. "Kanunue mafuta."