Nilifuta Jina la Mama Fides, Nikamwacha Mwenyewe Hadharani

Mimi ndiye niliyekosa. Naanza na hilo ili usije ukafika katikati ukaanza kunionea huruma, maana najijua, nina mdomo wa kujitetea.

Kazi yangu ilikuwa kutunza siri za watu. Nalipwa mshahara kwa hilo! Na siri ya mama mmoja mjane niliitoa mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimevaa koti.

Ngoja nikueleze taratibu.

Mimi ni mtu wa hapa Ifakara, ofisi yetu iko Kibaoni. Ni chama cha wakulima wa mpunga wanaogawana maji ya mfereji, jina lake halitakusaidia kitu. Niliajiriwa karani. Ilipokuja habari ya sheria ya kulinda taarifa za watu, tukaambiwa ofisi iwe na mtu wa kushughulikia jambo hilo. Kwenye kikao wazee wakatazamana, kisha wote wakanitazama mimi. "Si ndiye anayejua kompyuta?" Nikapelekwa kozi ya siku tano Morogoro, nikala chakula cha hoteli, nikarudi na cheti na cheo: Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Jamani, cheo kile kilinipanda kichwani! Cheti nikakitia fremu, nikakitundika juu ya meza, na mkulima aliyekuja kuuliza zamu ya maji alikisoma kwanza, atake asitake.

Kule kozini walituingiza kwenye kundi la mtandaoni la wenzetu wa nchi nzima. Nisiseme uongo, kundi lile lilikuwa shule. Unauliza asubuhi: mkulima aliyehama akitaka jina lake liondolewe kwenye daftari la zamani, nifanyeje? Kabla hujamaliza chai umeshajibiwa na watu watatu wanaojua wanachosema. Mtu wa Mwanza ambaye hujawahi kumwona anakutumia fomu aliyoitengeneza mwenyewe, bure. Mimi karani wa Kibaoni nilijifunza mengi kule kuliko hotelini.

Shida ni kwamba sikutosheka kujifunza. Nilitaka kufundisha.

Nikafungua ukurasa wangu, nikajiita Mlinzi wa Faragha. Picha nimekunja mikono, nimevaa koti la suti la shemeji yangu. Joto la Ifakara unalijua, jasho lilikuwa linashuka mpaka kiunoni, lakini uso nimeukaza utadhani naapishwa Ikulu. Kila Jumatatu naachia klipu. Usimpe mtu namba yako ya siri! Usiache daftari wazi mezani! Mambo ambayo bibi yako anayajua bila cheti. Na chini watu wanamiminika: "Nondo!" "Madini haya, mkuu!" "Tuko pamoja kiongozi!" Nusu yao walikuwa walinzi wa taarifa kama mimi, nao wana klipu zao, na mimi Jumanne nawaandikia nondo kwenye za kwao. Mkulima wa mpunga hata mmoja hakuwemo.

Sasa huyu mama. Nitamwita Mama Fides, si jina lake. Tunasali jumuiya moja, na nyumbani kwake nimekula wali mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Shamba lake liko upande wa Katindiuka, kwenye mwisho wa mfereji, na mwisho wa mfereji ndiko maji yanakofika yamechoka.

Siku hiyo alikuja ofisini amejitanda kanga mpaka kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Funga mlango."

Nikafunga. Akanieleza kwamba msimamizi wa maji, zamu ya yeye mama ikifika, anashusha lango, maji yanageukia shamba la shemeji wa msimamizi mwenyewe. Mara ya tatu hiyo. Alitaka kulalamika, lakini aliogopa.

"Yule mtu tunasali naye, mwanangu. Akijua ni mimi, mpunga wangu umekwisha. Nimemwambia mdogo wangu Restituta tu, na sasa wewe."

Nikajaza fomu ya malalamiko ya siri. Nikamwonyesha cheti ukutani, hebu fikiria! Nikamwambia, "Mama, hapa kwangu siri haitoki. Ndiyo kazi yangu."

Akaniombea baraka, akaondoka.

Jumatatu ikafika sina mada. Wafuasi wanasubiri, sina mada! Macho yakaangukia ile fomu. Nikasema, leo nawaonyesha mfano wa kweli, waone mtaalamu anavyomficha mhusika. Nikatoa nakala, nikavaa koti, nikashika kalamu nene nyeusi mbele ya kamera. Jina, nikalifuta. Namba ya simu, nikaifuta. Sahihi, nikaifuta. Nikainua karatasi nikatabasamu: "Mnaona? Huyu mtu sasa hajulikani duniani!"

Mengine yote nikayaacha, eti somo lieleweke. Mwanamke. Mjane. Shamba la mwisho mkono wa kushoto, kando ya daraja la magogo. Analimiwa na ng'ombe wa jirani Msukuma ambaye yeye ndiye mama yake wa ubatizo. Na lalamiko lenyewe, neno kwa neno. Hizo alama usihangaike kuzitafuta, safari hii nimezibadilisha, na jina la Restituta pia, lakini zile za kweli zilikuwa wazi kama hizi. Katindiuka mjane wa namna hiyo ni mmoja tu. Hata mbuzi wa kule wanamjua!

Klipu ilitazamwa kuliko zangu zote zikiwekwa pamoja. Nondo zilimwagika. Mimi nakenua meno peke yangu ofisini.

Halafu ukaja ujumbe wa faragha. Dada mmoja wa Tabora, mwenzetu wa kundini, mtu wa maneno machache ambaye hana hata klipu moja.

"Kaka habari. Ile fomu ni ya kweli? Umefuta jina, ila mtu wa huko kwenu akiisoma atamjua mwenyewe. Ishushe sasa hivi, tafadhali."

Unaona? Mtandao ulinipa ushauri wa bure, wa haraka, kwa heshima, tena pembeni ili nisiaibike. Na mimi nikafanya nini? Nikamjibu, "Asante kwa mchango wako." Kisha nikarudi kwenye ukurasa wangu nikaandika kwamba kuna watu wakiona mwenzao anapanda, wanatafuta ngazi ya kuivuta. Laiki zikamiminika! Mjinga mimi!

Saa moja haikupita, kijana mmoja wa hapa hapa mjini akaandika chini ya klipu jina la Mama Fides lote, na vicheko vitatu.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana mpaka hapo ungeweza kusema ni ujinga tu. Ile komenti niliiona. Nikaifuta ile komenti, klipu nikaiacha. Nilijiambia wameshaiona wachache. Ukweli ni kwamba ilikuwa bado inapanda, na mimi nilitaka ipande.

Msimamizi wa maji hakugomba na mtu. Wala hakumsalimia Mama Fides kwa ubaya. Lango la mfereji wa kwake likaharibika tu, likawa linasubiri fundi. Mpunga ulikuwa ndio unaanza kuchanua, na wewe mkulima unajua mpunga ukikosa maji wakati huo unakupa nini. Fundi alikuja baada ya siku kumi na tano. Siku ya kupeta tulikwenda wanajumuiya kumsaidia, na nilishika ungo kwa mikono yangu hii. Mapepe matupu. Upepo ulibeba karibu kazi yote ya mwaka, na yeye alisimama anaangalia.

Jumapili iliyofuata alinialika kula. Klipu hakuiona, simu yake ni ya vitufe; alijua tu kwamba siri imemfikia msimamizi. Restituta naye alikuwepo, huyo mdogo wake anayeishi Mlimba, alikuwa amekuja tangu palizi. Wali na perege mezani. Mama Fides akaweka bakuli la mchuzi mbele yangu, akamgeukia mdogo wake.

"Resti, nakuuliza mbele ya huyu kijana. Kwa nini ulinitangaza?"

"Nani? Mimi?"

"Nilimwambia nani mwingine? Wewe na huyu. Huyu ameapa, kazi yake ni kutunza siri, cheti nimekiona ukutani. Wewe mdomo wako naujua tangu utoto."

"Dada, haki ya Mungu sijasema."

"Basi ni mimi niliyejitangaza!"

Restituta akanitazama. Alikuwa anaomba mtu wa kumtetea, na pale mezani tulikuwa watatu tu. Nilikuwa na tonge mkononi. Nikalimeza! Nikainamisha kichwa nikachambua miiba ya samaki.

Akaingia ndani, akafunga nguo zake kwenye begi, akaenda stesheni kusubiri treni ya Mlimba. Dada yake hakumsindikiza. Mama wawili waliolala kitanda kimoja utotoni, wakazika wazazi pamoja, nimewatenganisha kwa klipu ya dakika mbili.

Utasema hapo nilitubu. Wapi! Mwezi uliofuata wenzangu wa kundini wakanialika nitoe mada mtandaoni. Mada yenyewe sikiliza: Thamani ya Mitandao ya Kijamii kwa Mlinzi wa Taarifa. Nikavaa koti. Nikaongea lisaa zima. Nikasema mtandao unatuunganisha, unatunoa, unatupa macho ya wenzetu pale macho yetu yanaposhindwa kuona. Maneno ya kweli matupu, na yakitoka kinywani mwangu!

Ukafika wakati wa maswali. Dada wa Tabora akafungua kipaza sauti.

"Ninalo moja tu. Yule mama wa kwenye fomu, yuko salama?"

Nikakata simu. Baadaye nikawaandikia kwamba umeme wa Ifakara umetusumbua. Umeme ulikuwepo, feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu. Nilikaa chini ya feni ile nikalia kama mtoto, na koti nimelivaa.

Klipu nikaifuta siku hiyo. Nikataka na mimi nishitakiwe, nikafungua kabrasha la utaratibu nililoliandika mwenyewe. Limesema siri ikivuja, malalamiko yapelekwe kwa afisa ulinzi wa taarifa. Yaani mimi! Nikaenda kwa mwenyekiti wa chama, akanisikiliza huku akipekua simu. "Kuna mtu amelalamika?" Hakuna. "Basi usikuze mambo." Msimamizi wa maji yuko kazini mpaka leo. Mimi nimerudi ukarani, niliomba mwenyewe.

Kisha nikaenda kwa Mama Fides. Nilipiga magoti uani, nikasema yote, hadi ile komenti niliyoifuta. Alikuwa anachagua mbegu. Hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu.

"Hao watu waliokusifu, walinijua mimi?"

"Hapana, mama."

"Walikusifu kwa lipi sasa?"

Akasema niende Mlimba nikamwambie Restituta kwa mdomo wangu, nisipige simu. Nikapanda treni. Nilimkuta Restituta sokoni na mchele wake, nikamwamkia, nikaeleza mbele ya wateja, maana hakunikaribisha pembeni. Alisikiliza mpaka mwisho huku akipima kilo za watu.

"Kosa lako nimelisikia," akasema. "Nimekusamehe, wewe nilikujua lini? Ila kamwambie dada hivi. Huyo kijana ulimwamini kwa karatasi ya ukutani. Mimi nimekuwa mdogo wako tangu nizaliwe. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Nilirudi nikamwambia Mama Fides, sikupunguza. Aliziacha mbegu zake, akakaa chini palepale uani, akajifunika uso kwa kanga.

Maandishi haya nimemsomea kabla ya kuyatuma. Mambo mawili alisema niyatoe, nimeyatoa.

Wenzangu mnaolinda taarifa za watu, nawaomba sana. Ingieni mtandaoni, ulizeni, jifunzeni, na mwenzenu akikuvuta pembeni akakwambia shusha hiyo, shusha kwanza, unune baadaye. Lakini shida ya mtu aliyekufungia mlango isiwe mada yako ya Jumatatu. Ukishika kalamu nyeusi, usiangalie ulichofuta, kisome kilichobaki kwa macho ya jirani yake. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajabeba. Mimi nilichelewa. Klipu niliifuta kwa kidole kimoja, lakini Mama Fides kila Jumapili baada ya misa anapiga simu Mlimba, na mpaka leo naandika haya haijapokelewa.