Kipande Nilichokificha kwenye Unga

Dada yangu ameolewa ng'ambo ya mto Ruvuma, na kwetu Mnero mtu haagwi na ndugu mikono mitupu. Nilipomaliza kumtembelea, alinifungia nyama ya nguruwe aliyoikausha kwa moshi, na mfuko wa unga wa muhogo.

Nikiwa kwenye foleni ya mpakani, pale darajani, niliona mizigo ikifunguliwa. Nikachomoa kipande kimoja kikubwa, nikakizika kwenye unga.

Bwana mifugo alikuwa msichana wa umri wa wajukuu zangu.

"Babu, kitimoto hii haivuki. Huko ulikotoka nguruwe wanakufa kwa homa."

"Imekauka, binti. Ugonjwa gani unaishi kwenye moshi?"

"Unaishi. Watu hauwadhuru, lakini nguruwe akinywa maji mliyooshea nyama hiyo, banda zima linakwisha. Hauna dawa."

"Kama nyumbani huna mboga, sema nikukatie."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliitupa nyama kwenye shimo la kuchomea, akanitakia safari njema. Nilipomwambia mfuko ule ni unga tu, aliniamini.

Nyumbani nilimkuta mke wangu kwenye banda, akilikagua jike lake la nguruwe lenye mimba. Alilinunua kwa ufuta wa shamba alilolima peke yake, mwaka ambao mimi nilishinda nikicheza bao. Nilikung'uta unga kwenye kipande changu, nikamsimulia nilivyompiga chenga yule binti.

Nyama ya moshi hapa kwetu hulowekwa kwanza kwenye maji ya moto ili masizi yatoke. Maji yale yana mafuta, kwa hiyo humwagwa kwenye hori la nguruwe. Sijawahi kuona mtu akiyamwaga kwingine.

"Hebu rudia alivyosema kuhusu maji," mke wangu alisema.

Nikarudia, huku nikimwigiza sauti.

"Ukasikia hayo, na bado ukaileta hapa?"

"Anatisha watu tu yule."

"Mzee, yule hana nguruwe. Mwenye nguruwe ni mimi."

Alichukua jembe, akachimba shimo nyuma ya choo, akakimwagia kipande mafuta ya taa na kukichoma, kisha akafukia majivu pamoja na unga wote. Akaniamuru nioge, nivue na viatu, kabla sijasogelea banda. Nilinuna. Chakula alichopika sikukigusa, nikalala na njaa, mtu mzima mimi.

Siku chache baadaye dada alipiga simu.

"Mdogo wangu, banda langu limebaki tupu. Yule tuliyemchinja kabla hujaja, kumbe alikuwa ameshaanza kuumwa."

Nilimpa mke wangu simu, akampa pole kwa muda mrefu, na kuhusu mimi hakusema neno hata moja. Ninamshukuru kwa ukimya ule kuliko kwa yote. Ninamshukuru pia yule binti, ambaye kwa maneno yangu ya kipuuzi alikuwa na haki ya kunifukuza, lakini alinieleza kwa subira jambo lililotuokoa.

Jike lilizaa asubuhi moja nikiwa nafagia uani. Mke wangu aliniita ndani ya banda, akaniwekea kitoto kimoja mikononi. Alisema huyo akikua tutampelekea binti yetu anayefundisha Ruangwa. Nilijaribu kumwomba msamaha, nikaambulia kusema asante.

"Mshike vizuri, mzee," alinijibu. "Anateleza."