Uji Hunywewa, Hauliwi

Mtanicheka, haya chekeni. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa tulimtoa binti yetu Zaina kijijini kwetu Mazingara, akapasuliwe uvimbe wa shingo hospitali ya Korogwe. Baba yake, Mhina, alifuatana nasi.

Nesi Eliwaza akatuonya, "Mtoto asile kitu kabla ya kupasuliwa."

Nikawaza, tumbo tupu litastahimilije kisu? Asubuhi nikamnywesha uji wa mtama. Sikumlisha, nilimnywesha. Mjanja mimi!

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji daktari akauliza, "Amekula?"

"Hajala," nikajibu upesi.

Zaina akadakia, "Mama, ule uji haukuwa na sukari."

Daktari akavua glovu. "Simpasui, uji utampalia akiwa usingizini. Kesho naondoka, msubiri daktari mwingine mwezi ujao."

Mhina akanigeukia. "Haya mbebe, Mama Zaina. Umemshibisha, uvimbe tunarudi nao."